Hela peke yake ingekiua kile kiwanda: jibu kwa dada wa Antwerp mwenye boksi la madaftari Tanga

Swali limetoka kwa dada mmoja, lilikuwa refu nimelifupisha:

"Shikamoo mwalimu. Naishi Antwerp, Ubelgiji, huu mwaka wa sita. Juzi shule ya mwanangu waliwapeleka makumbusho ya Plantin-Moretus, karudi ananiambia mama tumeona mashine za kuchapa kongwe kuliko zote duniani na zilikuwa za familia moja. Nikajikuta nalia jikoni. Babu yangu Tanga alikuwa na kiwanda kidogo cha kuchapa, alipofariki vyote vikaenda skrepa, herufi za risasi wavuvi waliyeyusha wakafanya chubwi. Kimebaki boksi moja la madaftari kwa shangazi, na ameniambia Jumamosi anasafisha stoo, anachoma. Hawa watu waliwezaje kutunza miaka yote hiyo? Ni hela tu au kuna kitu walikijua?"

Marahaba mdogo wangu. Kabla sijasema lolote, mpigie shangazi asichome. Sababu utaiona huko mbele, ila piga kwanza alafu urudi usome.

Mi kazi hii nilianzia chini kabisa, kupanga herufi kwa mkono, moja moja, kichwa chini, miaka ile kabla ofseti, uchapaji wa mashine usiotumia herufi za risasi, haijatufagia. Badae nikaingia kwenye mambo ya kutunza nyaraka ndo nikabahatika kufika Antwerp mara mbili, na mara zote mbili nimetoka mle ndani kichwa kinauma kwa kufikiria hilo hilo unaloniuliza. Hela ilikuwepo, tena nyingi, nisikudanganye. Lakini hela peke yake ingekiua kile kiwanda. Mchapaji mwenye hela anafanyaje? Ananunua mashine mpya, ya zamani anaitupa. Kwa hiyo swali sio kwa nini matajiri walitunza, swali ni kwa nini matajiri hawakubadilisha.

Nikurudishe nyuma kidogo. Huyu Christophe Plantin, mwanzilishi wa kile kiwanda ambacho leo ndo makumbusho, wala hakuwa mtu wa Antwerp, ni mhamiaji kama wewe. Mfaransa, kazaliwa maeneo ya Tours kama mwaka 1520, fundi wa kujalidi vitabu. Kafika Antwerp karibu 1549 na mkewe Jeanne Rivière, akawa anajalidi na kutengeneza vikasha vya ngozi vya watu wenye nazo. Kwenye familia kulikuwa na kisa kinasimuliwa, kwamba usiku mmoja anapeleka kazi kwa mteja walevi wakamfananisha na mtu wao wakamchoma upanga, akapona ila mkono haukurudi kwenye nguvu ya kazi ya ngozi ndo akageukia kuchapa. Iwe kweli iwe imetiwa chumvi, kitabu chake cha kwanza kimetoka 1555, hilo halina ubishi. Na Antwerp wakati huo ndo bandari yenyewe, karatasi inapatikana, mafundi wapo, wafanyabiashara wa kila taifa wapo, na mji wa Leuven wenye chuo kikuu uko jirani. Mwenyewe aliwahi kuandika kwenye barua kwamba ndo sababu alichagua mji ule.

Alafu 1562 mambo yakaharibika. Kwenye kiwanda chake kikakamatwa kijitabu cha uzushi wa dini, na enzi zile hilo sio la kulipa faini ukaenda nyumbani, ni la roho. Yeye mwenyewe alikuwa Paris, akabaki huko huko kimya, huku nyuma vitu vyake vyote vikapigwa mnada. Vyote. Naomba hilo ulishike vizuri kwa sababu watu wanaongea kama vile ile nyumba haikuwahi kuguswa na balaa, kumbe mwanzilishi mwenyewe alishauziwa kila kitu miaka saba tu baada ya kuanza.

Karudi 1563, na karudi na wabia. Wafanyabiashara wenye mtaji, na mtu mwenye mtaji anataka kuona hesabu. Kuanzia hapo madaftari ya Plantin yakaanza kuandikwa kwa ile hesabu ya pande mbili ya Kiitaliano, kilichoingia na kilichotoka, karatasi riimu ngapi, wino, mshahara wa nani, kitabu gani kimeenda Frankfurt vipande vingapi. Wabia waliachana 1567 lakini tabia ya kuandika ikabaki, na warithi wake wakaendelea nayo karne baada ya karne. Leo hayo makaratasi ukiyapanga kwenye rafu ni zaidi ya mita 150. Unajua mita 150? Ni uwanja wa mpira na nusu yake, madaftari matupu, na mwaka 2001 UNESCO wakayaingiza kwenye orodha ya kumbukumbu za dunia. Jengo lenyewe na vilivyomo likaingia urithi wa dunia 2005. Angalia mpangilio huo: makaratasi yametangulia, nyumba imefuata miaka minne badae. Mi nikiwa mle siku ya kwanza nilikimbilia mashine kama mwanao, siku ya pili ndo nikaelewa kuwa mashine bila yale madaftari ni mbao tu na misumari, kongwe kweli, lakini haziongei.

Manake madaftari ndo yanakwambia mashine zilifanyaje kazi. Kila mtambo ulikuwa na watu wawili, mmoja anapaka wino mwingine anavuta mpini wa kukandamiza, na kipimo cha siku kilikuwa kama karatasi 1,250 pande zote mbili. Sasa ile mitambo ya mbao ubao wake wa kukandamiza ni mdogo, unafunika nusu tu ya karatasi, kwa hiyo kila upande unavutwa mara mbili. Piga hesabu mwenyewe, ni kuvuta mara 5,000 kwa siku moja, kuanzia alfajiri mpaka jioni. Karatasi lazima iloweshwe kidogo kabla ndo ishike wino. Wino unapakwa na mipira ya ngozi iliyojazwa sufu, na ile ngozi ili isikauke usiku ikawa inalowekwa kwenye mkojo. Ndio, mkojo. Makumbusho yananukia nta na mbao, kiwanda chenyewe hakikunukia hivyo hata siku moja, mwambie mwanao atacheka.

Mwaka 1574 palikuwa na mitambo 16 na watu zaidi ya 50, na hapo ndo lilikuwa moja ya viwanda vikubwa kabisa vya kuchapa Ulaya nzima. Kazi iliyomfikisha hapo ni ile Biblia ya lugha tano, Kiebrania, Kigiriki, Kilatini, Kisiria na Kiaramu, vitabu vinane vikubwa, ilianza 1568 ikachukua kama miaka mitano, nakala kama 1,200, chini ya mfalme Philip wa Pili wa Uhispania ambaye alimtuma mwanazuoni wake Benito Arias Montano kuja kusimamia. Binti wa nne wa Plantin, Magdalena, akiwa na miaka 13 hivi ndo alikuwa anabeba prufu, yaani kurasa za majaribio za kusahihisha, kupeleka kwa huyo Montano na kusaidia kuzisoma kwa sauti wakati wa kulinganisha, Kiebrania, Kigiriki na vyote hivyo. Mabinti wengine walikuwa kwenye biashara ya kitambaa na lesi. Hakuna aliyekaa bure mle ndani.

Kwenye Biblia yenyewe Plantin hakutajirika, ahadi za mfalme kuhusu hela zilikuwa na kona nyingi. Kilichomtajirisha ni malipo ya pembeni: haki ya kuuza vitabu vya ibada, misale na vitabu vya sala, kwa Uhispania na makoloni yake. Fikiria soko hilo, kila kanisa kuanzia Madrid mpaka Mexico. Hapo ndo mizizi ya utajiri wa familia, na pia, nitakuja kukwambia, hapo ndo mizizi ya uvivu ulioiokoa ile nyumba.

1576 wakahamia pale palipo makumbusho leo, Vrijdagmarkt, yaani Soko la Ijumaa. Mwaka huo huo Novemba tarehe 4 wanajeshi wa Uhispania ambao hawajalipwa mshahara waliasi wakaupora mji, wakachoma, wakaua. Plantin alilipa ili vitu vyake visiguswe, akalipa tena, akalipa tena, jumla anasema mara tisa. Baada ya hapo hakuinuka tena kwa kiwango kile. Akaja akahamia Leiden miaka miwili akawa mchapaji wa chuo kikuu cha kule, akarudi Antwerp 1585, akafa 1589. Nembo yake ni mkono unashika bikari, unajua ile ya kuchorea duara shuleni, mguu mmoja umesimama mwingine unazunguka, na maneno ya Kilatini yenye maana ya kazi na uthabiti. Mguu unaozunguka ni kazi, uliosimama ni uthabiti. Nyumba nayo ikaitwa Bikari ya Dhahabu. Ukipita pale itafute, iko kila mahali, mlangoni, kwenye vitabu, mpaka unaichoka.

Haya sasa tuje kwenye swali.

Plantin alikuwa na mabinti tu waliokua, mtoto wa kiume alimfia mdogo. Mkwe mmoja, Jan Moretus, mume wa Martina, alikuwa kwenye kile kiwanda tangu ujana. Wosia ukampa yeye na Martina. Wakwe wengine wakanuna, wakabishana, mwisho Jan akakubali wengine waongezewe mali ili amani iwepo na kiwanda kibaki kizima mkononi mwake. Na hilo likawa kama sheria ya ukoo: nyumba na kiwanda havigawanywi, vinakwenda kwa anayeweza kazi, sio lazima mkubwa. Wengine wanafidiwa kwa hela, mashamba, nyumba nyingine. Na anayeweza kazi mara nyingine alikuwa mjane. Martina mwenyewe aliendesha na wanawe baada ya Jan kufa 1610, na badae wapo akina mama kama Anna Goos waliobeba kiwanda wakati wanaume wamekufa au watoto bado wadogo.

Hebu linganisha na kwetu, na sisemi kwa kulaumu mtu. Mzee akifa kwetu vitu vinagawanywa, na mashine ya kuchapa haigawanyiki mara sita. Kipi kinagawanyika? Bei yake ya skrepa. Kwa hiyo wanaoyeyusha sio wabaya wala sio wajinga, wamefanya hesabu pekee ambayo mgawanyo uliwaachia. Mi mwenyewe nilishuhudia kiwanda kimoja, sitakitaja, ndugu waligawana droo za herufi kila mmoja na zake, sasa droo ya herufi a na droo ya herufi k ziko nyumba mbili tofauti za nini? Mwaka haukuisha zote zimeuzwa kwa kilo.

Wosia ulizuia mgawanyo. Lakini wosia hauzuii mtu kununua mashine mpya. Hapo ndo uvivu unapoingia.

Mjukuu, Balthasar Moretus, ndo aliifanya ile nyumba iwe jumba. Alikuwa amepooza upande mmoja wa mwili, msomi, amesoma na mchoraji Rubens shuleni wakabaki marafiki maisha yote. Rubens alimchorea picha za familia na kurasa za mwanzo za vitabu, na kuna barua Balthasar anamweleza mteja kwamba Rubens apewe miezi kadhaa mapema ili achore siku za sikukuu kwa bei ya urafiki, siku za kazi angedai florini 100 kwa mchoro. Napenda sana hiyo barua, manake tangu lini fundi mashuhuri hana bei mbili? Balthasar akajenga, akaongeza maktaba, ua wa katikati ukapata sura ile unayoiona leo. Akafa 1641.

Baada yake, kwa kweli, kiwanda kikalala. Vitabu vya sayansi, ramani, kamusi, vyote vile ambavyo Plantin alivipenda vikapungua, wakabaki na misale na vitabu vya sala vya Uhispania, mwaka hadi mwaka, soko la uhakika, mshindani hakuna. Familia ikatajirika, 1692 ikapewa na uungwana wa kuitwa wakuu. Ukiwa na mteja mmoja asiyekuacha unabadilisha mashine kwa sababu gani? Herufi zile zile, mitambo ile ile, mpangilio wa chumba ule ule. Mfalme Carlos wa Tatu wa Uhispania akaja kuwanyang'anya ile haki miaka ya 1760 akataka Wahispania wachape vyao, na hapo biashara ikavunjika mgongo. Ila sasa familia ilikuwa na utajiri mwingine, ardhi na mikopo, haikulazimika kuuza kiwanda wala haikuwa na hamu ya kukiinua. Kikaendelea kuchechemea karne nyingine nzima. Kitabu cha mwisho kimetoka 1866, wakati huo Ulaya yote inachapa kwa mashine za mvuke.

Unaona kilichotokea? Wangekuwa maskini wangeuza. Wangekuwa wachapaji hodari wangebadilisha. Walikuwa matajiri waliolala, na mahali ambapo mtu tajiri kalala ndo vitu vya kale hubaki. Mitambo miwili ya mle ndani ni ya miaka ya 1600 hivi, hiyo ndo mikongwe kuliko yote iliyobaki duniani, na imebaki kwa sababu hakuna aliyekuwa na haraka ya kuitoa kwenye njia. Wenzangu wengine hawapendi nikisema hivi wanataka hadithi ya familia iliyoheshimu urithi. Heshima ilikuwepo, sikatai, ila naona uvivu umefanya kazi kubwa zaidi.

Kuna kitu kimoja ambacho hakikuwa uvivu kabisa, nacho ni kalibu. Subiri nieleze hapa maana kinagusa zile chubwi za Tanga. Herufi ya risasi inazaliwa hivi: fundi anachonga herufi kinyume kwenye ncha ya kijiti cha chuma kigumu, anaigonga kwenye kipande cha shaba, pale shaba inabonyea ndo kalibu, unamwaga risasi iliyoyeyuka inatoka herufi. Plantin alinunua kazi za mafundi bora wa wakati wake, Claude Garamont, Robert Granjon, Hendrik van den Keere, na mpaka leo nyumba ina vijiti vya chuma kama 4,500 na kalibu zaidi ya 15,000. Hakuna mahali pengine duniani penye mkusanyiko kama huo wa karne ya 16. Lakini herufi zenyewe za risasi? Zikichakaa zilirudi kwenye sufuria, kila siku, kwa Plantin kama kwa babu yako. Risasi kazi yake ni kuyeyushwa. Kwa hiyo mdogo wangu usilie kwa ajili ya chubwi, mchapaji yeyote wa zamani angeona ni mwisho wa kawaida tu, tena wenye faida, samaki wameliwa. Ukifungua kompyuta ukaona herufi zinaitwa Garamond ujue ni huyo huyo. Na ile Times New Roman iliyoandika barua zetu zote za kuomba kazi, walioibuni miaka ya 1930 waliegemea kwenye herufi inayoitwa Plantin ya mwaka 1913, ambayo nayo ilitokana na kazi ya Granjon kwenye makaratasi ya nyumba hiyo hiyo unayopita ukienda sokoni.

Mwisho wa hadithi yao ni mauzo. Edward Moretus, wa mwisho, 1876 mwezi wa nne akauza nyumba na kila kilichomo kwa mji wa Antwerp ukisaidiwa na serikali, kwa faranga 1,200,000. Kila kilichomo, hilo ndo neno. Angeweza kuuza vitabu London, michoro ya Rubens Paris, mbao kwa fundi seremala, na bila shaka angepata zaidi. Vibao vya mbao vilivyochongwa picha peke yake viko kama 14,000, mabamba ya shaba kama 3,000. Akauza kizima, na mji ukakubali kununua kizima, 1877 mwezi wa nane wakafungua milango. Max Rooses ndo akawa mtunzaji wa kwanza na akaanza kusoma yale madaftari.

(Najua utaniuliza, maana na mimi nilijiuliza, mwaka huo huo 1876 mwezi wa tisa mfalme Leopold wa Pili aliitisha mkutano wake wa jiografia Brussels uliofungua njia ya yale ya Kongo, na badae pembe na mpira vikashushwa bandari hiyo hiyo ya Antwerp. Hela ya Kongo haikununua ile nyumba, tarehe zinakataa. Lakini mji uliotajirika badae kwa bandari ndo umeitunza, na jirani zako wa Lubumbashi na Bukavu mnaosali nao wana haki ya kuliona hilo wanapolipa kiingilio.)

Na bado kidogo ingepotea hata hivyo. Januari tarehe 2 mwaka 1945 bomu la Wajerumani la kuruka lenyewe liliangukia pale pale sokoni mbele ya mlango, likaharibu vibaya. Wakakarabati, ikafunguliwa tena 1951. Kwa hiyo mnada, uporaji, bomu. Haikutunzwa kwa bahati ya kutoguswa.

Turudi Tanga. Unasema kimebaki boksi moja la madaftari, umeliandika mwishoni kama kitu cha kujifariji. Mi nikisoma nimeshtuka, manake katika vyote alivyokuwa navyo babu yako hicho ndo cha kwanza ningekichukua kama nyumba inaungua. Mashine kama ya babu zilitengenezwa maelfu, nyingine ipo mahali fulani. Daftari lake liko moja. Mle ndani kuna nani alichapisha kadi za harusi, mwaka gani, nakala ngapi, tiketi za taarabu, vitabu vya risiti vya maduka ambayo hayapo tena, matangazo ya misiba, fomu za vyama vya ushirika, nani alikopa akalipa nusu. Huo ni mji wa Tanga kwa miaka yote aliyofanya kazi, umeandikwa na mtu aliyekuwa anajua kila mtu kwa jina na kwa deni.

Kwa hiyo fanya hivi. Shangazi asilifute kwa kitambaa kibichi, asilianike juani, asilifunge kwenye mfuko wa nailoni maana joto la Tanga na unyevu vikikutana mle ndani ni ukungu wiki mbili tu. Liinuliwe sakafuni, juu ya meza au matofali, mbali na ukuta kwa ajili ya mchwa. Lifunguliwe taratibu waangalie kama kuna wadudu, wapangusie na brashi laini kavu, ile ya kupakia rangi mpya inatosha. Pini zilizoota kutu zitolewe kama zinatoka bila kuchana, kama zimeng'ang'ania ziachwe. Gundi na selotepu marufuku, nimeona watu kwa nia njema kabisa wameharibu zaidi kuliko mchwa.

Alafu picha. Kijana yeyote wa pale mwenye simu nzuri, mezani karibu na dirisha, mchana, bila flashi, ukurasa mmoja mmoja kwa mpangilio wa daftari, na jalada nje na ndani, usiruke kurasa tupu maana badae hutajua kama ilikuwa tupu au iliachwa. Mwanzo wa kila daftari apige karatasi yenye namba ya daftari. Zitumwe kwako uzihifadhi sehemu mbili. Kama kuna sampuli za kazi, kadi au tiketi zilizobaki katikati ya kurasa, zisitolewe, zipigwe picha pale pale zilipo, kukaa kwake pale ni maelezo.

Na la muhimu kupita yote hayo, shangazi akae na hayo madaftari arekodiwe. Amsomee kijana majina, aseme huyu alikuwa na duka mtaa gani, huyu alikuwa nani wa nani, hii alama ya babu ya msalaba pembeni ilikuwa na maana gani. Madaftari ya Antwerp yana mita 150 na bado kuna alama ambazo wasomi wamekaa miaka kubahatisha maana hakuna aliyebaki wa kuwaambia. Wewe unaye, na umri wake unaujua. Nadhani pia ukimwuliza hivyo hatasema anachoma, wengi wanachoma kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza.

Badae ukitaka asili yake iende sehemu salama, ulizia makumbusho au maktaba ya pale Tanga, au idara ya nyaraka ya taifa, lakini nenda na orodha mkononi: madaftari mangapi, ya mwaka gani mpaka gani, ya kazi gani. Na mwambie yeyote atakayepokea kwamba yanakwenda yote pamoja, kama Edward alivyofanya, sio achague mazuri.

Ukienda pale Vrijdagmarkt na mwanao, msianzie kwenye mashine. Anzieni kile chumba cha duka, upande wa mtaani, kuna mezani mizani ndogo. Ilikuwa ya kupimia sarafu za wateja maana hela zilikuja za kila nchi na nyingine zimekatwa pembeni. Vitabu viliuzwa kama karatasi zilizochapwa bila jalada, unapeleka mwenyewe kwa mjalidi. Alafu nendeni chumba cha wasahihishaji, meza ya mwaloni imewekwa dirishani kufuata mwanga, hapo ndo nilikaa muda mrefu kuliko kote. Mashine muwaachie wengine, mtazikuta.

Jumamosi ni keshokutwa. Huko ni saa moja nyuma ya Tanga, wakati wa baridi ni mbili, kwa hiyo ukimpigia usiku wako utamkuta kalala. Piga mchana.